UCHAMBUZI: Kiharusi kinazuilika Kajiado, mapigo ya moyo yakipimwa mapema

KITENGELA ni mji wa watu wenye haraka. Alfajiri matatu hujaa abiria wanaoelekea Nairobi na viwanda vya Athi River, na jioni hurejea zikiwa zimejaa vilevile. Sensa ya 2009 ilihesabu wakazi 58,167 katika mji huo. Ile ya 2019 ikawapata 154,436. Katika kipindi hicho hicho, idadi ya watu katika Kaunti nzima ya Kajiado ilipanda kutoka 687,312 hadi 1,117,840.

Ongezeko hilo limezungumziwa sana kuhusiana na maji, barabara na mashamba yanayokatwa vipande. Upande wake wa afya haujapewa uzito unaostahili. Mji unapokua haraka, magonjwa yasiyoambukizwa hukua nao, na la kwanza miongoni mwayo ni shinikizo la damu. Mojawapo ya madhara ya shinikizo hilo ni mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio, hali inayoweza kumwandalia mtu kiharusi kwa miaka mingi bila yeye kuhisi chochote.

Hali hiyo, ambayo wataalamu huiita fibrilesheni ya atiria, si ngumu kueleza. Moyo una vyumba vinne. Viwili vya juu hupokea damu na kuisukuma iingie katika vile vya chini kwa mpigo ulio sawa. Umeme unaoongoza mpigo huo ukivurugika, vyumba vya juu huacha kusukuma na badala yake hutetemeka tu. Damu hutuama, hasa katika kifuko kidogo kilichoko upande wa kushoto wa moyo, na damu iliyotuama huganda. Bonge likichomoka husafiri hadi kwenye ubongo na kuziba mshipa. Hapo ndipo mtu huanguka ghafla, mdomo ukaenda upande, mkono na mguu vikaishiwa nguvu, na ulimi ukawa mzito.

Matokeo ya utafiti wa miaka mingi katika mji wa Framingham, Marekani, yaliyochapishwa 1991, yalionyesha kwamba mtu mwenye tatizo hili hukabiliwa na hatari ya kiharusi karibu mara tano zaidi ya asiyekuwa nalo. Isitoshe, kiharusi cha aina hii huwa kikali kuliko vingi vingine. Mabonge yatokayo moyoni huwa makubwa, nayo huziba mishipa mikubwa, na anayenusurika mara nyingi hubaki akihitaji kulishwa, kuoshwa na kugeuzwa kitandani.

Hata hivyo, hiki ni mojawapo ya viharusi vinavyozuilika kwa urahisi zaidi. Dawa ya warfarini, ambayo imetumiwa na binadamu tangu miaka ya hamsini, hupunguza hatari hiyo kwa takriban theluthi mbili ikitumiwa ipasavyo. Kwa hivyo, suala linaloikabili Kajiado si ukosefu wa tiba duniani. Suala ni iwapo mfumo wa afya wa kaunti unaweza kumtambua mgonjwa kabla hajaanguka, kumpa dawa inayomfaa, na kumfuatilia mwaka baada ya mwaka.

Wagonjwa wa aina mbili

Kosa la kwanza katika mjadala huu ni kudhani kwamba ugonjwa huu ni wa wazee pekee. Katika nchi tajiri dhana hiyo ina msingi, kwani wengi wa wagonjwa huko wamevuka umri wa miaka 65. Kitengela, mji uliojaa vijana na watu wa umri wa kati wanaotafuta riziki, unaweza basi kudhaniwa kuwa salama.

Hali halisi barani Afrika ni tofauti. Kundi la kwanza la wagonjwa ni watu wazima wenye shinikizo la damu, kisukari au moyo uliodhoofika. Utafiti wa kitaifa uliofanywa na serikali ya Kenya 2015 ulibaini kwamba asilimia 23.8 ya watu wazima walikuwa na shinikizo la juu la damu, na kwamba asilimia 56 hawakuwa wamewahi kupimwa shinikizo hilo hata mara moja maishani. Mtu ambaye hajawahi kufungwa kitambaa cha kupimia shinikizo mkononi hawezi kutarajiwa kujua kwamba moyo wake unadunda ovyo.

Kundi la pili ni la vijana, hasa wanawake, ambao moyo wao uliharibiwa utotoni na homa ya baridi yabisi. Homa hiyo hutokana na maambukizi ya koo ambayo hayakutibiwa. Mtoto hupona koo, lakini kinga ya mwili wake hugeuka na kushambulia vali za moyo. Miaka kumi au ishirini baadaye, vali huwa zimekunjamana, chumba cha juu cha kushoto kimevimba, na mpigo umepotea.

Uchunguzi wa kimataifa uitwao REMEDY, ulioandikisha wagonjwa 3,343 wa moyo wa aina hiyo kati ya 2010 na 2012 katika nchi 12 za Afrika, Kenya ikiwemo, pamoja na India na Yemen, ulionyesha kwamba nusu ya wagonjwa walikuwa na umri usiozidi miaka 28. Takriban theluthi mbili walikuwa wanawake, na zaidi ya mmoja kati ya watano alikuwa na mapigo yasiyo na mpangilio. Hawa ni wafanyakazi wa viwandani, wachuuzi na akina mama wenye watoto wachanga. Mmoja wao akipooza, nyumba nzima hupooza naye.

Tofauti kati ya makundi haya ina uzito mkubwa, kwa sababu tiba yao si moja.

Dawa iliyotokana na maafa ya ng'ombe

Wafugaji wa Kajiado huenda wakashangaa kusikia kwamba historia ya warfarini ilianzia zizini. Katika miaka ya ishirini, ng'ombe katika mashamba ya Canada na kaskazini mwa Marekani walianza kufa kwa kuvuja damu isiyokatika. Wengine walikufa baada tu ya kukatwa pembe. Ikagunduliwa kwamba walikuwa wamelishwa nyasi kavu za jamii ya klova zilizooza na kuota ukungu.

Mwaka wa 1933 mkulima mmoja wa jimbo la Wisconsin alimpelekea mwanakemia Karl Paul Link damu ya ng'ombe wake iliyokataa kuganda. Baada ya kazi ya miaka kadhaa, maabara ya Link iliitambua kemikali iliyosababisha maafa hayo. Kutokana na kemikali hiyo ilitengenezwa warfarini, ambayo iliuzwa kwanza kama sumu ya panya 1948, kisha ikaidhinishwa kutibu binadamu 1954.

Kisa hicho kinafafanua kwa nini dawa hii huogopwa. Ikizidi, mtu huvuja damu tumboni au hata ubongoni. Ikipungua, damu huganda na kiharusi huja. Njia ya katikati ni nyembamba, nayo hupimwa kwa damu kupitia kipimo kiitwacho INR. Kwa wagonjwa wengi wa mapigo haya, kipimo kinapaswa kuwa kati ya 2 na 3. Mgonjwa anayeanza dawa hupimwa mara kwa mara, na hata aliyetulia hufaa kupimwa takriban kila mwezi.

Hapa ndipo jiografia ya Kajiado inapoingia. Kaunti hii ina ukubwa wa takriban kilomita mraba 21,900. Mkazi wa Kitengela anaweza kufika Nairobi kwa mwendo wa kilomita 30 hivi. Yule wa Loitokitok, chini ya Mlima Kilimanjaro, au wa Magadi, au wa vijiji vilivyo mbali na barabara kuu ya Namanga, yuko katika hali nyingine kabisa. Kumwambia apimwe damu kila mwezi katika hospitali ya mbali ni kumwambia auze mbuzi kila mwezi.

Lishe nayo huleta utata wake. Vitamini K, inayopatikana kwa wingi katika mboga za majani kama vile sukuma wiki, mchicha na managu, hupunguza nguvu ya warfarini. Hii haimaanishi kwamba mgonjwa asile mboga. Anachotakiwa kufanya ni kula kiasi kisichobadilika sana. Hilo ni rahisi kwa mwenye mshahara wa kila mwezi na soko mlangoni. Kwa familia ya wafugaji ambayo chakula chake hubadilika kati ya msimu wa mvua na ule wa kiangazi, kipimo kinaweza kupanda na kushuka bila yeyote kukosea.

Aidha, dawa nyingine huvuruga mizani hiyo. Septrin na metronidazole huongeza hatari ya kuvuja damu. Rifampicin, inayotibu kifua kikuu, huidhoofisha warfarini. Dawa za maumivu kama vile diclofenac na ibuprofen, zinazonunuliwa kwenye duka la dawa bila maswali mengi, zinaweza kumtoa damu tumboni mgonjwa anayetumia warfarini. Naye mwenye mazoea ya kunywa supu iliyotiwa mizizi na magome ya miti hana budi kumweleza mhudumu wa afya, badala ya kuficha kwa kuogopa kukemewa.

Kwa kuzingatia hayo yote, daktari au afisa wa kliniki anayesita kumpa mgonjwa warfarini mahali pasipo na kipimo cha INR hapaswi kuitwa mzembe. Anaogopa kumwua mgonjwa wake, na hofu hiyo ina sababu. Tatizo ni kile kinachofuata baada ya kusita huko.

Aspirini si kimbilio

Mara nyingi kinachofuata ni aspirini. Ni rahisi, inapatikana kila mahali, na haihitaji kupimwa damu. Kwa mwenye mapigo yasiyo na mpangilio, hata hivyo, faida yake ni ndogo. Uchambuzi uliokusanya tafiti nyingi na kuchapishwa 2007 ulionyesha kwamba wakati warfarini ilipunguza viharusi kwa takriban asilimia 64, dawa za kundi la aspirini ziliishia karibu asilimia 22.

Mwaka wa 2011, utafiti wa AVERROES uliohusisha wagonjwa 5,599 katika nchi 36 ulilinganisha aspirini na apixaban, mojawapo ya dawa mpya za kuzuia damu kuganda. Waliotumia aspirini walipatwa na kiharusi au bonge mahali pengine mwilini kwa kiwango cha asilimia 3.7 kwa mwaka, ilhali wale wa dawa mpya walikuwa asilimia 1.6. Kuhusu kuvuja damu kwingi, makundi hayo mawili hayakutofautiana sana. Kwa hivyo, dhana kwamba aspirini ndiyo salama zaidi haina mashiko. Miongozo ya madaktari wa moyo barani Ulaya ya 2020 na 2024 inakataza kuitegemea kwa kazi hii.

Dawa mpya, ambazo ni pamoja na apixaban, rivaroxaban na dabigatran, hazihitaji kipimo cha INR wala hazisumbuliwi na mboga. Shirika la Afya Duniani (WHO) liliziingiza katika orodha ya dawa muhimu 2019. Kwa kaunti pana yenye maabara chache, zinaonekana kama jibu lililoteremka kutoka mbinguni.

Kwa kundi la kwanza la wagonjwa, wale wenye shinikizo la damu na vali nzima, karibu ni hivyo, mradi figo zao zimepimwa na bei inamudika. Kwa kundi la pili, mambo ni kinyume. Utafiti wa INVICTUS, ulioripotiwa Agosti 2022, ulifuatilia wagonjwa 4,531 wenye mapigo hayo na vali zilizoharibiwa na homa ya baridi yabisi, katika nchi 24 za Afrika, Asia na Amerika Kusini. Wengi walitarajia rivaroxaban ishinde. Badala yake, wagonjwa 552 waliopewa dawa hiyo walifariki, ikilinganishwa na 442 waliopewa warfarini na dawa za jamii yake. Kuvuja damu kwingi hakukuongezeka kwa waliotumia warfarini.

Linalostahili kutiliwa maanani ni kwamba ushindi huo ulipatikana katika nchi maskini. Mwanzoni ni takriban theluthi moja tu ya waliokuwa wakitumia warfarini na jamii yake waliokuwa na kipimo kinachofaa. Kadiri walivyofuatiliwa, idadi hiyo ilipanda ikapita nusu.

Funzo kwa Kajiado ni bayana. Kaunti haiwezi kukwepa gharama ya kipimo cha INR kwa kununua tu dawa mpya, kwa kuwa mgonjwa kijana mwenye vali iliyoziba atabaki akihitaji warfarini. Vilevile haiwezi kumlazimisha kila mzee wa shinikizo la damu kusafiri kila mwezi, ilhali ipo dawa isiyohitaji safari hiyo. Na kabla ya kuamua ni nani apewe nini, mgonjwa anapaswa kupigwa picha ya moyo ili hali ya vali zake ijulikane.

Vidole viwili na dakika moja

Yote hayo hayana maana iwapo mgonjwa hajatambuliwa. Ajabu ni kwamba hatua ya kutambua ndiyo nafuu kuliko zote. Vidole viwili huwekwa kwenye kifundo cha mkono, chini ya kidole gumba, na mapigo husikilizwa kwa dakika nzima. Mapigo ya kawaida huja kama hatua za mtu anayetembea. Yale ya ugonjwa huu huja kama hatua za mlevi. Mawili ya haraka, moja lililochelewa, jingine dhaifu. Si kila mpigo uliokosa mpangilio ni ugonjwa huu, na ndiyo maana anayeshukiwa hupelekwa kupimwa umeme wa moyo kwa mashine ya ECG.

Septemba 2023, serikali ya kitaifa ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ya jamii zaidi ya 100,000 kote nchini, na mikoba waliyopewa ilijumuisha vifaa vya kupima shinikizo la damu na sukari. Wahudumu hao tayari hufika kwenye maboma na vyumba vya kupanga. Kuwafundisha kupima mapigo kwa vidole wanapopima shinikizo hakuhitaji kifaa kipya wala bajeti ya ziada ya kutisha.

Kuhusu ufuatiliaji, mfano uko humu humu nchini. Katika Hospitali ya Rufaa na Mafunzo ya Moi mjini Eldoret, kliniki ya wagonjwa wanaotumia dawa za kuzuia damu kuganda iliwekwa chini ya wafamasia badala ya kusubiri daktari bingwa. Matokeo yaliyochapishwa 2011 yalionyesha udhibiti wa kipimo cha INR uliolingana na ule wa kliniki za nchi zilizoendelea. Kipo pia kifaa kidogo kinachopima INR kwa tone la damu ya kidole na kutoa jibu papo hapo. Kliniki mbili za aina hiyo, moja katika hospitali ya Kitengela na nyingine katika hospitali ya rufaa ya kaunti mjini Kajiado, zingeweka huduma pande mbili za barabara ya Namanga. Siku za kwenda Loitokitok na Magadi zingeweza kupangwa pamoja na kliniki nyingine za nyanjani.

Nani alipe? Chini ya Katiba ya 2010, hospitali na vituo vya afya vya kaunti viko mikononi mwa serikali za kaunti, na Kifungu cha 43 kinampa kila mtu haki ya kupata kiwango cha juu zaidi cha afya kinachowezekana. Tangu Oktoba 1, 2024, Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) ilichukua nafasi ya NHIF, na wafanyakazi hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara. Sheria iliyoiunda ina hazina ya huduma za msingi na nyingine ya dharura na magonjwa sugu. Kipimo cha INR na vidonge vya kila mwezi vinastahili nafasi ya wazi katika malipo hayo.

Zipo hoja za kupinga. Kaunti iliyopoteza mifugo kwa ukame mkali wa 2020 hadi 2023, na ambayo ina akina mama wa kuzalisha na watoto wa kuchanja, inaweza kuuliza kwa nini iweke fedha kwenye mapigo ya moyo. Jibu ni kwamba fedha hizo hutumika hata hivyo, ila kwa kuchelewa. Dawa ya kuyeyusha bonge la ubongoni inafaa kutolewa ndani ya saa nne na nusu, tena baada ya kichwa kupigwa picha ya CT. Ni wagonjwa wachache wa Mashuuru au Bissil wanaoweza kuushinda muda huo. Wengine hurudishwa nyumbani wakiwa walemavu, na gharama huhamia kwa binti aliyeacha kazi, kwa mifugo iliyouzwa na kwa karo isiyolipwa. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Uzito wa suala hili ulidhihirika katika uchunguzi uliochapishwa 2016 na jarida la Lancet. Miongoni mwa wagonjwa 1,137 wa Afrika waliofika hospitalini wakiwa na mapigo haya, 89, yaani karibu asilimia 8, walipatwa na kiharusi ndani ya mwaka mmoja. Mmoja kati ya watano alifariki katika muda huo. Hicho ndicho kilikuwa kiwango cha juu zaidi cha kiharusi miongoni mwa maeneo yote ya dunia yaliyochunguzwa.

Familia nazo zina wajibu. Mtoto mwenye koo linalouma na homa apelekwe kituo cha afya, kwani penisilini ikitolewa kwa wakati huzuia homa ya baridi yabisi. Mwanamke anayetumia warfarini amwone daktari kabla ya kushika mimba, maana dawa hiyo inaweza kumdhuru mtoto tumboni, na kuiacha kiholela kunaweza kumwua mama. Anayetumia dawa yoyote ya kuzuia damu kuganda asiikatize kwa sababu anajihisi mzima. Kujihisi mzima si dalili kwamba hatari imekwisha.

Kinachosubiriwa sasa ni uamuzi wa idara ya afya ya Kajiado: kwamba popote shinikizo la damu linapopimwa, kuanzia Kitengela hadi Namanga, mapigo nayo yahesabiwe na kuandikwa. Anayepatikana na hitilafu leo bado anatembea kwa miguu yake kwenda kliniki, na huo ndio wakati wa kumtibu.